Salamu Zote Ambazo Abti Hakuziitikia

Jumamosi, 25 Oktoba

Jana shule ilifungwa. Mwalimu Karwitha, anayetufundisha Kiswahili, ametupa kazi mbili za likizo: kuandika shajara mpaka mvua za vuli ziishe, na kumhoji mtu mzima mmoja kuhusu kazi yake. Akasema, "Siku isiyo na jambo iandikieni mstari mmoja, msiipambe. Siku yenye jambo msiifupishe kwa uvivu."

Leo kuna jambo. Abti Robow amefika kutoka Nairobi. Abti ni mjomba kwa Kisomali. Yeye ni mdogo wake Hooyo, yaani mama yangu, na sisi sote ni watu wa nyumba ya Ayeeyo, nyanya yangu, hapa mtaa wa Kiwanjani. Baba yuko safarini na lori, kama kawaida.

Abti alikuja na begi moja, kaban yake iliyofungwa kwa blanketi, na barua ya daktari. Kaban ni kama gitaa lenye tumbo la mviringo. Juzi alipasuliwa kooni kutoa kijinundu kilichoota kwenye nyuzi za sauti. Daktari ameandika kwamba kwa wiki tatu asitoe sauti hata kidogo. Asiongee, asiimbe, asinong'one. Baada ya hapo aanze na dakika tano kwa siku.

Hooyo aliisoma barua mbele yetu sote, akaikunja. "Robow," akasema, "tangu uzaliwe naomba unyamaze. Leo Mungu amenijibu na sifurahi hata kidogo."

Abti akacheka bila sauti. Mabega tu ndiyo yalitikisika.

Kazi yake ni kuigiza, kuimba, kupiga kaban na kinanda, na kila Alhamisi katika ukumbi mdogo wa Nairobi anachekesha watu kwa michezo ya papo kwa papo. Hakuna kilichoandikwa. Watu wanataja jambo lolote, naye analiigiza hapo hapo. Sasa amechaguliwa kwa mchezo mkubwa wa jukwaani ambamo yeye peke yake atakuwa watu tisa. Tarehe 8 Disemba atasimama mbele ya mwelekezi na kuwatoa wote tisa, kila mmoja na sauti yake. Akiweza, kazi ni yake. Asipoweza, kuna mwigizaji mwingine anayesubiri. Abti ana miaka thelathini na tisa. Alimwandikia Ayeeyo kikaratasi, na kwa kuwa Ayeeyo hajui kusoma, nilimsomea mimi: "Nimengoja nafasi kama hii miaka ishirini."

Nitasema ukweli kwa sababu hii ni shajara. Mimi nilipanga kumhoji Ahmednasir, kaka yake Baba, ambaye ni fundi wa pampu za maji. Kazi yake inaeleweka.

Jumapili, 26 Oktoba

Mawingu upande wa Burat. Hakuna mvua. Abti amelala mchana kutwa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sikujua kwamba mtu wa kawaida anasalimiwa mara nyingi hivi. Kutoka getini kwetu mpaka duka la Maryan kwenye kona, Abti alipewa salaam kumi na moja. Kila mara aliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Mimi niliyekuwa kando yake nikaitikia kwa niaba yake, "Wa aleikum salaam, samahani, amepasuliwa koo." Wengine walimpa pole. Wengine walidhani ni kichekesho kipya wakatufuata wakingoja mwisho wake. Muuza nyama mmoja alishika tumbo. "Hii ya leo ni kali! Hasemi kitu kabisa!"

Nilikuwa ndani nikinunua sukari wakati Mzee Diba alipopita. Yeye ni dalali wa mifugo, Mborana, na alikuwa rafiki wa babu yangu marehemu. Nilipotoka alikuwa amesimama mbele ya Abti na fimbo yake.

"Salaam aleikum," alisema, na nilijua ni mara ya pili kwa jinsi alivyoisema.

Abti aliweka mkono kifuani.

"Nairobi imekunyang'anya hata salamu?" Mzee Diba akageuka kwenda zake. Nikamwita, lakini lori lilipita kati yetu, na lilipoisha kupita alikuwa mbali.

Nyumbani Hooyo alitaka kumning'inizia Abti kibao shingoni: NIMEPASULIWA KOO. Abti aliandika, "Sivai tangazo. Mimi si duka." Jioni Ayeeyo alimuuliza maalimu wa madrasa, naye akasema asiyeweza kusema akiitikia kwa ishara inatosha. Tukamwambia Abti. Akaandika: "Mungu ameelewa. Mzee Diba je?"

Ameniomba niandike majina yao mwisho wa daftari hili, wote waliomsalimia asiweze kuwajibu.

Jumatano, 29 Oktoba

Kule dukani redio ya Maryan ilikuwa ikitoa lile tangazo la malaria, la mbu anayejisifu kwa sauti nyembamba kama sindano: "Chandarua? Si ndicho kinanifungia hoteli!" Shuleni kwetu kila mtu analijua. Maryan alicheka kama kawaida yake. "Huyu mbu ataniua mimi!"

Nikamtazama Abti. Midomo yake ilikuwa ikienda sawasawa na ya mbu.

Njiani nikamuuliza, "Abti, ni wewe?" Akainua kidole kimoja, akakizungusha hewani, akanidunga mkononi.

Nilirudi mbio kumwambia Maryan, ambaye alihamia hapa Abti akiwa ameshaondoka. "Nani? Huyu bubu?" akasema. "Istar, usinichezee, nina wateja."

Abti hakukasirika. Aliandika: "Watu wanaijua sauti yangu, hawaijui sura. Sasa nimebaki na sura."

Alhamisi, 30 Oktoba

Salaam tisa. Upepo na vumbi. Mvua bado.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimebadilisha mawazo kuhusu mahojiano. Mimi niliuliza kwa mdomo, Abti akajibu kwa kalamu, na mpaka adhuhuri alikuwa amejaza kurasa nne. Nafupisha.

Mara ya kwanza alipanda jukwaani akiwa darasa la tano, kwenye tamasha la shule, akiwa mbuzi. Mbuzi hakupewa neno hata moja. Basi akashuka jukwaani akala karatasi za mwamuzi. Shule ilishindwa lakini ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Alipomaliza kidato cha nne, Babu alimfanya taniboi, msaidizi wa dereva, katika lori lake la kwenda Moyale. Alidumu mwaka mmoja, na anasema huo ndio uliokuwa chuo chake. Humo alijifunza sauti ya askari wa vizuizi vya barabarani, ya akina mama wauza sukari, ya mchunga ngamia anayeita mbali. Kisha akaenda Nairobi kujiunga na kundi linaloigiza vitabu vya mtihani shuleni. Siku moja gari lililobeba waigizaji watatu liliharibikia Nanyuki, na wanafunzi mia sita walikuwa wameshaketi. Yeye alikuwa mfalme, tarishi na mama wa tarishi. "Nilibadilisha kilemba tu," ameandika.

Jumamosi aliimba kwenye arusi, Jumapili alirekodi michezo ya redio. Sauti ya mbu ilichukua dakika ishirini na imedumu kuliko kazi zake zote. Aliwahi kuigiza katika filamu akaita jamaa wote waje kuitazama, kumbe sehemu yake ilikatwa, kikabaki kiwiko. Ayeeyo bado anakumbuka. "Niliona kile kiwiko," aliniambia. "Nilikitambua mara moja."

Swali langu la mwisho lilikuwa, "Katika hizi zote, kazi yako hasa ni ipi?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Baba aliniuliza hilo mpaka akafa. Sikuwa na jibu. Siku hizi ningemwambia kazi yangu ni kusikiliza. Mengine yanatoka hapo." Chini yake akaandika sheria ya kwanza ya mchezo wa papo kwa papo: "Kubali unachopewa, kisha ongeza." Mwenzako akisema wewe ni daktari, usibishe. Kuwa daktari, tena mwenye haraka.

Mimi nilidhani kuchekesha ni kupiga kelele.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua! Ilianza saa nane mchana, moja kwa moja, bila manyunyu ya kutangulia. Ilipiga mabati kwa nguvu mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake. Hooyo alifungua mdomo kuniambia kitu, nikaona mdomo tu. Ayeeyo naye, mdomo tu. Ghafla nyumba nzima ilikuwa kama Abti.

Abti alisimama katikati ya chumba kama mtu ambaye zamu yake imefika. Akamwonyesha Hooyo nguo kwenye kamba, akazikimbilia kwa niaba yake, akateleza mara tatu papo hapo bila kutoka kwenye mkeka. Ayeeyo alitaka chai. Alionyesha kikombe, kisha tangawizi, kisha akafinya uso kwa ajili ya ile tangawizi iliyozidi jana, na sote tukajua anamsema nani. Hooyo alijitetea kwa mikono miwili. Waligombana hivyo, kwa ishara, wakicheka, karibu nusu saa.

Mvua ilipokoma tukaendelea kuonyeshana kwa mikono. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Jumatano, 5 Novemba

Rafiki yangu Sadia amekuja, na Abti ametufundisha mchezo. Yeye anasogeza mikono na midomo, na mmoja wetu anasimama nyuma yake kumpa sauti. Sadia hajui aibu. Alimfanya Abti kuwa bibi harusi anayekataa pilau. Ilipofika zamu yangu, sauti ilitetemeka.

"Istar anaongea kama anayesoma matokeo ya mtihani," Sadia alisema. "Tena ya kufeli."

Abti aliniandikia: "Usitafute cha kuchekesha. Tazama mikono yangu tu."

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua usiku. Mzee Diba amepita mbele ya geti akitazama upande wa pili. Nilimwita nimweleze, hakugeuka.

Jumamosi, 8 Novemba

Ayeeyo ameweka nadhiri: sauti ya Abti ikirudi, atachinja mbuzi na kugawia majirani. Magoti yake yanauma, kwa hiyo tulikwenda soko la mifugo mimi, Hooyo na Abti. Matope mpaka vifundoni. Hooyo akabaki kwa mbuzi akiwakagua meno. Abti akanivuta kwa ngamia, maana anapenda nyuso zao. Anasema wanafanana na watu wa kamati.

Huko tukamkuta Mzee Diba na muuzaji mmoja wa Kulamawe anayeitwa Guyo.

Hapa sokoni bei kubwa haitajwi kwa mdomo. Dalali anaushika mkono wako chini ya shali na mnaongea kwa vidole, ili waliosimama karibu wasijue. Mimi nalijua hilo kwa kuona tu. Abti aliondoka hapa akiwa kijana wa lori, hakuwahi kununua hata kondoo.

Mzee Diba alimtazama toka juu mpaka chini. "Ikiwa mdomo umekuwa ghali," akasema, "basi lete mkono."

Niliona uso wa Abti ukichangamka. Siku kumi na sita watu wanampa salamu asizoweza kujibu, na huyu hapa, yeye kati ya wote, anamsalimia kwa namna inayojibika! Akautoa mkono upesi. Mzee Diba akaufunika kwa shali. Nikaona shali inasogea. Mzee Diba alikaza vidole, Abti naye akakaza kwa adabu. Mzee Diba akakaza tena. Abti akakaza, na kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa maisha yake yote, akaongeza.

Nyusi za Mzee Diba zilipanda mpaka kwenye kofia. Akamgeukia Guyo. "Amekubali. Tena amepandisha mwenyewe."

"Wallahi?" Guyo akasema, na akamtia Abti kamba mkononi. Mwisho wa kamba alikuwapo ngamia jike mkubwa, anatafuna, akitutazama.

Hooyo alifika akikimbia, buibui limelowa tope. "Robow! Ngamia wa nini? Tutamweka jikoni?"

Abti alitikisa kichwa, akatikisa mikono yote miwili, akairudisha kamba. Guyo hakuipokea. Watu walikuwa wameshakusanyika, wanacheka, maana kwao huyu ni Robow wa vichekesho na hiki ni kimojawapo. Lakini Mzee Diba hakucheka.

"Mkono umeshasema mbele ya watu," alisema. "Anayetaka kuvunja aseme kwa mdomo wake, mimi nisikie. Mdomo huo ambao haunisalimii."

Hooyo alianza kueleza habari za daktari, lakini kelele zilimzidi. Abti alimtazama mzee yule. Nilikuwa kando yake, niliona koo lake linapanda. Neno moja tu lingetosha, "samahani," na nilijua atalisema, kwa sababu hakuweza kuvumilia rafiki wa baba yake amwone tapeli. Zilibaki siku tano. Alifungua mdomo.

"Funga mdomo!" nilipiga kelele.

Kwa abti wangu. Mbele ya soko zima.

Ngamia peke yake aliendelea kutafuna. Hooyo alikuwa ameshika mashavu yake. Nikaenda nyuma ya Abti kujificha, nikashika shati lake, na nadhani yeye alielewa kitu kingine, kwa sababu aliinua mikono kama tulivyofanya Jumatano. Nikaitazama ile mikono tu.

Mikono ikashikana. "Mzee Diba," nikasema kwa sauti nene niliyoweza kuipata, "mimi ni Robow. Sauti yangu iko kwa fundi."

Mtu mmoja akacheka. Kidole kikaonyesha koo, kikakata, kikashona. "Imekatwa, imeshonwa, na imeambiwa isitoke nje wiki tatu, kama mtoto mwenye surua."

Wakacheka wengi. Mikono ikafunguka, na Abti akavitazama vidole vyake kwa hasira kama mzazi aliyeitwa shuleni. "Na hivi vidole, Mzee, vimesoma Nairobi. Lugha ya hapa havijui. Vilidhani vinasalimiwa!"

Soko likalipuka. Guyo mwenyewe alilazimika kujishikilia kwa ngamia. Lakini Mzee Diba alisogea karibu, na akaniuliza mimi, si Abti, akiniita binti kwa Kiborana. "Intala, siku ile pale dukani?"

Mkono wa Abti ukaenda kifuani, kichwa kikainama. Hapo sikuweza tena ile sauti nene, ikatoka yangu.

"Siku ile alikuitikia, Mzee. Aliitikia mara zote mbili. Ni sauti tu haikuwapo."

 Mzee Diba aliutazama ule mkono. "Na mimi wiki mbili namwambia mke wangu kijana amekuwa na kiburi," akasema polepole. Kisha akavua shali begani, akaufunika mkono wa Guyo na wa Abti pamoja, akaingiza wake katikati, na walipoitoa, ngamia alikuwa wa Guyo tena.

"Hasara kwangu," Guyo alisema. "Sijaona mnunuzi anayejipandishia mwenyewe. Huyu aje kila wiki!"

Mzee Diba alikaa na Abti juu ya jiwe kiasi cha saa nzima akimfundisha vidole. Abti alijifunza haraka, uso wake ukiwa karibu na shali kama anayesikiliza redio ya chini chini. Tulirudi na mbuzi mweupe mwenye sikio moja la kahawia.

Njiani Hooyo aliniambia, "Funga mdomo. Unamwambia hivyo abti wako."

"Nisamehe, Hooyo."

"Nimekusamehe. Mimi nataka kumwambia hivyo tangu nikiwa na miaka kumi."

Jumapili, 9 Novemba

Sadia amekasirika kwamba hakuwapo. Nimemsimulia mara tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Mbuzi amekula ukurasa mmoja wa mahojiano, ule wa tamasha. Abti ameona ni haki.

Alhamisi, 13 Novemba

Kesho ataruhusiwa dakika tano. Nyumba nzima inakisia neno lake la kwanza. Hooyo anasema litakuwa utani juu ya mapishi yake. Sadia anasema ataimba. "Na huyu mbuzi," akaongeza, "ndiye peke yake hapa anayeomba sauti isirudi." Abti mwenyewe hasemi, bila shaka, lakini leo hata kalamu hakuigusa.

Ijumaa, 14 Novemba

Tuliketi wote kabla ya chai. Ayeeyo alijifunga leso vizuri kama anayepokea mgeni. "Salaam aleikum, Robow."

Abti alivuta pumzi. "Wa aleikum salaam, Hooyo."

Kwake yeye, Hooyo ni Ayeeyo, aliyemzaa. Ayeeyo akalia. Na mimi nilifurahi, lakini nilisikia, na niliona kuwa Abti naye amesikia. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya chini, yenye mchanga, kama sanduku linaloburutwa kwenye saruji.

Alitazama saa, akachukua daftari hili na kulifungua mwisho, tukatoka. Mzee Diba alikuwa getini kwake akinoa kisu. Abti alisimama sawasawa mbele yake, mkono kifuani.

"Wa aleikum salaam, Mzee Diba. Wa aleikum salaam."

Mzee Diba aliweka kisu chini. "Zilichelewa njiani," alisema, "lakini zimefika zote mbili." Akamshika mkono, na bila shali nikaona vidole vinazungumza. Sikuuliza wamesemezana nini.

Jumatatu, 17 Novemba

Kila siku dakika zake tano anazimaliza hivyo hivyo. Tunatembea na orodha, anawaitikia watu. Leo ilikuwa zamu ya Maryan. Abti alitaka kumwitikia kwa sauti ya mbu. Aliegemea kaunta, akakaza shingo, akafungua mdomo, na ikatoka hewa tu. Akajaribu tena. Hewa. "Pole, ndugu," Maryan alisema kwa upole, bila kujua alichokosa kusikia.

Abti alimwitikia kwa ile sauti ya mchanga. Nyumbani aliketi na kaban mapajani bila kuipiga.

Jumamosi, 22 Novemba

Mto umejaa, maji mekundu. Abti dakika kumi. Mtu wa tatu na wa nne wa mchezo wake wametoka vizuri. Ayeeyo anasema sauti haijarudi yote, mbuzi asubiri.

Jumatano, 26 Novemba

Wanane wapo. Askari, tarishi, mwenye duka, wote, na ile sauti mpya inawafaa wanaume kuliko ya zamani. Wa tisa ndiye tatizo. Ni mama mzee mwenye sauti nyembamba, na mwisho wa mchezo anaimba. Abti amejaribu chooni, amejaribu chini ya blanketi, amejaribu mvua ikinyesha ili tusisikie. Mama huyo haji.

Leo mchana nilimkuta uani karibu na mbuzi. Alikuwa bado na dakika zake za kuongea lakini aliandika: "Nitampigia mwelekezi. Ampe yule mwingine."

Nilikaa chini kando yake. Nilifikiri sana kabla ya kusema, kwa sababu mimi ni mtoto na yeye amefanya kazi hii miaka ishirini.

"Abti, huyo mama lazima aongee?"

"Ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote," alisema kwa mdomo.

"Siku ya mvua ya kwanza Ayeeyo hakuongea. Tulimwelewa mpaka kwenye tangawizi." Akanitazama. Nikaona nimeshaanza, bora nimalize. "Umepewa sauti nane. Kubali ulichopewa, kisha ongeza."

 Alimkuna mbuzi sikio la kahawia. Kisha akaenda kwa Mzee Diba, na akarudi na shali.

Jumatano, 3 Disemba

Ameigiza mchezo wote kwetu sebuleni, wote tisa. Mama mzee hasemi hata neno. Anajifunika shali, mkono mmoja ndani, na watoto wake wanane wanakuja mmoja mmoja kuuweka mkono wao chini ya shali, na unaona usoni mwa kila mmoja alichoambiwa. Mahali pa wimbo, kaban inaimba badala yake. Mzee Diba alikuwapo. Alisema vidole viwili vilikosea lakini huko Nairobi hakuna atakayejua.

Ayeeyo alitazama mpaka mwisho. "Huyo ni mimi," akasema. Baadaye, akiwa anajifunga leso: "Ila mgongo wangu haujapinda hivyo."

Jumapili, 7 Disemba

Abti ameondoka na basi la asubuhi. Orodha nyuma ya daftari imekwisha, majina yote yana alama. Hooyo amemfungia mahamri. Mbuzi amebaki kambani. Ayeeyo amesema hamgusi mpaka apate habari. Mvua zinapungua.

Jumatatu, 8 Disemba

Hakuna simu. Tumefagia ua mara mbili.

Jumanne, 9 Disemba

Baada ya alasiri simu ya Hooyo ililia. Mikono yake ilikuwa na unga, akanipa mimi.

"Salaam aleikum, Istar," ilisema ile sauti ya mchanga, ambayo sasa nimeizoea kuwa ndiyo yake. Na kabla sijavuta pumzi akaendelea, kama mtu anayetumia dakika zake tano: "Wamewachukua. Wote tisa. Mwelekezi alimwomba mama mzee arudie mara mbili."

Nilifungua mdomo. Halikutoka neno. Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, nikasimama hivyo katikati ya ua, simu sikioni.

"Istar? Istar, uko?"

"Mwitikie abti wako," Ayeeyo aliniambia kutoka kwenye mkeka. "Hakuoni."